Hiyo PDF ya gari ni ya nani na ni toleo gani? Namna ya kuandika maelekezo ya magari bila kupoteza jina la mtu wala giaboksi ya mtu

Haya jamaa zangu wa magari, leo tuongee habari ya mafaili. Ukiwa mpenzi wa gari hapa Mombasa, uwe wa Probox, wa Subaru au wa Fielder, simu yako imejaa PDF na skrinishoti za namna ya kufungua hiki na kubadilisha kile, na ukitazama majina ya hayo mafaili ni vituko vitupu. "Oili ya gia FINAL." Chini yake "Oili ya gia FINAL mpya." Halafu "FINAL mpya (2) tumia hii." Nani kaandika? Haijulikani. Lini? Haijulikani. Ya gari gani? "Fielder." Sasa Fielder gani bwana?

Maana Fielder si gari moja. Otomatiki ya NZE121 (hizo ni kodi, yaani alama za modeli) inakunywa oili ya T-IV, NZE141 yenye CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua) inakunywa CVT Fluid TC, NZE161 yenye CVT inakunywa CVT Fluid FE, kila moja na yake, na kuna za manyuali vilevile ambazo ni habari nyingine kabisa. Sasa mtu wa Mikindani ameletewa faili limeandikwa "Fielder, tia ATF", amenunua ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, pale Makupa, ametia kwenye CVT, baada ya siku chache gari linateleza halina nguvu, anarudi kuuliza nani alisema hivi, na hakuna wa kuulizwa kwa sababu faili limepita mikono mia na jina lilikatwa zamani.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Watu wanadhani kuandika jina la mwenyewe ni heshima tu, ni kumsifu. Heshima ipo, lakini kazi yake kubwa ni nyingine: jina na namba ya toleo ni risiti ya maelekezo, pasina risiti hujui pa kuyarudisha yakiwa mabovu. Kwa hivyo hii nataka tuifanye vizuri, na si ngumu, ni tabia tu.

Anza na gari kabla ya kuanza na mtu

Juu kabisa ya maelekezo yako andika kitambulisho cha gari, na usiandike jina la biashara peke yake. Fungua boneti utafute kile kibati cha ukutani pale injini inapotengana na ndani ya gari, kwa magari mengine kiko kwenye nguzo ya mlango, hapo utaona kodi ya modeli, injini, na mstari wa giaboksi. Andika zote tatu. Ongeza mwezi na mwaka gari lilipotengenezwa, siyo mwaka liliposajiliwa, maana gari zetu nyingi zimekuja bandarini zikiwa zimeshatembea Japani miaka kadhaa, hiyo namba ya KD kwenye bamba inakwambia tu gari limesajiliwa lini Kenya, haikwambii kitu kuhusu injini.

Na hata kodi ya modeli wakati mwingine haitoshi. Mfano ninaoupenda ni Subaru Forester SH5. Za mwanzo zina injini ya EJ20 ambayo ni ya mkanda wa taimingi, halafu mwisho wa 2010 zile za kawaida zisizo na tabo zikapewa FB20 ambayo ni ya cheni. Bodi ile ile, SH5 ile ile, ukizisimamisha mbili pale Tudor hutazitofautisha kwa mbali. Mtu akiandika "SH5: badilisha mkanda kila kilomita 100,000" bila kutaja injini, mwenye FB20 anakwenda dukani kuulizia mkanda ambao gari lake halina, na mbaya zaidi ni mwenye EJ20 aliyesoma maelekezo ya FB20 kwamba "hii ni cheni, usijali", huyo mkanda ukikatika barabarani ndio atajua.

Tahadhari moja tu hapa. Kodi ya modeli itaje, lakini namba nzima ya chesisi ya gari la mtu usiiweke, na bamba la namba kwenye picha lifute. Hakuna anayehitaji kujua gari hasa ni la nani ili abadilishe oili.

Nani alifanya nini

Hapa ndipo tunapoharibu sana watu wa Mombasa, wallahi. Jamaa ana simu nzuri, anakwenda na gari lake kwa fundi Changamwe, fundi anafungua anafunga anaeleza kila kitu, jamaa anapiga picha, usiku anaandika "Mwongozo wangu wa kubadilisha bushi za mbele" na jina lake kubwa juu. Wako? Wewe ulishika tochi.

Mwandishi ni kazi moja, na inastahili jina, kuandika vizuri si mchezo. Lakini mkono uliofanya kazi ni kitu kingine, aliyepiga picha kitu kingine, aliyetoa namba za kukaza kitu kingine, aliyejaribu maelekezo kwenye gari lake akasema yako sawa kitu kingine, na kama maneno umeyatoa kwenye Kiingereza au Kirusi (Warusi wana mengi sana kuhusu magari ya Japani ya usukani wa kulia) basi kuna mwandishi wa kwanza na kuna wewe uliyefasiri. Kila mmoja mpe mstari wake. Si lazima iwe hotuba, mstari mmoja mmoja unatosha.

Kabla ya kumtaja fundi, muulize. Wengine watafurahi, hata watakwambia andika na namba ya simu, hilo ni tangazo. Wengine watakataa, labda ameajiriwa gereji fulani na ile kazi alikufanyia jioni baada ya saa za kazi, ukimtaja umemtia matatani. Huyo mwandikie "fundi wa Magongo, ameomba asitajwe". Bado msomaji anajua kwamba kazi ilifanywa na fundi na siyo wewe na spana yako ya kuazima. Na muulize jina anataka liandikweje, wengi wanajulikana kwa jina la utani na ukiliandika la kitambulisho hakuna atakayemjua.

Namba ziwe na chanzo chake peke yake, msizichanganye na chanzo cha njia. Fundi anaweza kukuonyesha njia nzuri sana ya kutoa shafti bila kuvunja kitu, lakini akikwambia "kaza mpaka isikie" hiyo siyo namba. Namba itoke kwenye kitabu cha gereji cha kampuni, cha modeli hiyo, na uandike ni kitabu cha modeli gani na cha mwaka gani. Kama namba imetoka kwa mtu, sema imetoka kwa mtu. Kama umeuliza zile programu za akili bandia zikakujibu, hiyo siyo chanzo yakhe, zile zinaweza kukupa namba nzuri ya kupendeza ambayo haiko popote duniani, zitumie kukupangia maneno ukitaka lakini namba nenda kaitafute kwenye kitabu.

Na kila namba na kipimo chake. Toyota ndogo nyingi nati za tairi zinakazwa 103 N·m (niutoni-mita). Hiyo hiyo kwa futi-pauni ni 76, na kwa kilo-mita (kgf·m) ni 10.5. Mtu akinakili "103" akaacha kipimo, mwenye spana ya torki (ya kupimia nguvu ya kukaza) ya futi-pauni atakaza mpaka kama 140 N·m, studi zinavutika. Akinakili "76" tupu na mwingine ana spana ya N·m, nati zimelegea na anakwenda nazo barabara ya Malindi. Kosa si la mwandishi wa kwanza, ni la aliyenakili nusu. Kwa hivyo ukinakili nakili yote, na ukigeuza kipimo andika umegeuza wewe, acha na ile ya asili pembeni.

Hakimiliki kwa ufupi

Hapa kuna watu wawili wanaokosea kwa pande mbili. Wa kwanza anasema vitu viko mtandaoni ni vya wote. Hapana. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, ukishaandika kitu au kupiga picha ni chako, hata kama hujakisajili popote. Usajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, upo, lakini ni wa hiari, unakusaidia kuthibitisha, si ndio unaokupa haki. Na mwandishi ana haki ya kutajwa kuwa ni mwandishi na ya kukataa kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumchafulia jina.

Wa pili anasema "hii namba ya torki ni yangu mimi ndiye niliyeianika kwanza". Hapana vilevile. Namba ya kukaza nati ni ukweli tu, haina mwenyewe. Kinacholindwa ni maneno uliyoandika, mchoro uliochora, picha uliyopiga. Njia ya kufanya kazi pia haina hakimiliki, mtu anaweza kusoma ya kwako, akaenda akaifanya, akaandika upya kwa maneno yake na picha zake. Sheria haimlazimishi kukutaja. Adabu inamlazimisha.

Na hili la kitabu cha gereji: kuskani kurasa 40 za kitabu cha Toyota au Subaru ukaandika chini "kwa hisani ya Toyota" hakukupi ruhusa yoyote. Kutaja jina si kuomba ruhusa, hivi ni vitu viwili. Chukua namba, taja ulikoitoa, mchoro chora wako, picha piga kwenye injini yako yenye mafuta na vumbi la Jomvu, tena inasaidia zaidi maana ndivyo injini zetu zilivyo.

Leseni, ili watu wasikusumbue kukuuliza

Kama unataka watu waisambaze kazi yako na kuirekebisha, sema hivyo kwa maandishi, usiwaache wakisie. Leseni za Creative Commons, ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia kwa kazi yake, ziko tangu 2002 na toleo la 4.0 la 2013 ndilo la kutumia. Kwa maelekezo ya magari mimi napendekeza CC BY-SA 4.0, maana yake chukua, sambaza, badilisha, hata uza ukitaka, lakini nitaje, sema umebadilisha nini, na ya kwako pia iwe chini ya leseni hiyo hiyo ili wengine nao wafaidi.

Watu wengi wanakimbilia ile yenye NC, isiyoruhusu biashara, kwa sababu wanaogopa kuibiwa. Fikiria kwanza. Fundi anayeprinti maelekezo yako akayatundika gereji na anatoza wateja pesa, huyo ni biashara au si biashara? Hata wanasheria watabishana, na fundi ndiye unayetaka asome. Yenye ND nayo, isiyoruhusu kusambaza iliyobadilishwa, ni mbaya zaidi kwa kazi yetu, maana hata mtu akitaka kukusahihishia kosa la oili na kuisambaza nakala iliyosahihishwa haruhusiwi, wala kusambaza tafsiri yake. Ya nini kufunga mlango wa kusahihishwa? Na ujue ukishatoa leseni ya Creative Commons kwa nakala fulani huwezi kuirudisha kwa wale walioipata.

Namba ya toleo: mbili zinatosha

Watu wa programu za kompyuta wana namba tatu, 1.4.2 na kadhalika. Kwa magari mbili zinatosha, na kanuni yangu ni rahisi. Namba ya kwanza inapanda pale ambapo aliyefuata toleo la zamani anaweza kuumia au kuharibu gari. Oili imebadilika, torki imebadilika, hatua ya usalama imeongezwa, mfuatano wa kufungua umebadilika, hiyo ni kutoka 1 kwenda 2. Namba ya pili inapanda kwa mengine yote, picha bora, tahajia, maelezo marefu zaidi, yaani kutoka 2.0 kwenda 2.1. Mtu akiwa na 2.0 akisikia kuna 2.3 anaweza kuendelea na kazi yake, akisikia kuna 3.0 aweke spana chini kwanza asome.

Neno FINAL lipige marufuku. Tarehe andika kwa kuanza na mwaka, 2025-03-07, kwa sababu 07/03/2025 hapa kwetu ni Machi na kwa Mmarekani ni Julai, na mafaili haya yanasafiri. Faida nyingine ya kuanza na mwaka ni kwamba mafaili yanajipanga yenyewe kwenye folda. Jina la faili basi liwe namna hii: fielder-nze141-oili-cvt-v2.1-2025-03-07. Refu, lakini aliyelipokea kwa WhatsApp anajua alichonacho hata kabla ya kulifungua.

Kichwa cha maelekezo kinakuwa namna hii, badilisha ya kwako:

Kubadilisha oili ya CVT, Toyota Fielder NZE141
Gari: NZE141, injini 1NZ-FE, giaboksi ya CVT. Siyo ya NZE121 wala NZE161.
Toleo 2.1, 2025-03-07. Toleo jipya zaidi liko: (linki moja ya kudumu)
Kaandika: Fulani. Kazi kaifanya: fundi Fulani wa Changamwe, amekubali atajwe.
Picha: Fulani, isipokuwa picha ya 4 ya Fulani wa Likoni.
Namba na aina ya oili: kitabu cha gereji cha Toyota cha modeli hii.
Wamejaribu: wawili, magari yote NZE141 ya CVT.
Leseni: CC BY-SA 4.0

Na mwisho wa faili rekodi ya mabadiliko, mpya juu:

2.1, 2025-03-07. Picha ya nati ya kumwagia imebadilishwa, ya zamani ilikuwa na kiza.
2.0, 2025-01-19. HATARI. Toleo la 1 liliandika "ATF" tupu. Sahihi ni CVT Fluid TC. Kama ulitia ATF usiendelee kuliendesha gari, mwone fundi. Aliyegundua: Fulani wa Kisauni.
1.0, 2024-11-02. La kwanza.

Ona hiyo ya 2.0. Haikujificha. Imesema ilikuwaje, sasa ni vipi, na aliyekwisha kuifuata ya zamani afanye nini. Kinachoudhi ni mtu kubadilisha namba kimya kimya faili likabaki na jina lile lile, sasa watu wawili wanabishana kila mmoja anasema mimi nimesoma hapa hapa, na wote wakweli. Mabadiliko ya hatari yanyanyue yakae ukurasa wa kwanza pia, usiyaache mwisho ambako hakuna anayefika.

Halafu kitu ambacho watu wanasahau: hicho kichwa hakisaidii kama kiko ukurasa wa kwanza tu. Hakuna anayefowadi PDF nzima, watu wanapiga skrinishoti ya ukurasa wa tatu wenye namba za torki na kuirusha. Basi chini ya kila ukurasa weka mstari mdogo, modeli, toleo, tarehe, jina na linki. Na jedwali la torki liandike modeli ndani ya jedwali lenyewe, kwenye mstari wa kichwa, ili hata akikata chini na juu bado imo.

Nyumba moja, nakala nyingi

PDF ni picha ya siku ile, haijui kilichotokea kesho yake. Kwa hivyo chagua sehemu moja iwe ndiyo nyumba ya maelekezo, na kila PDF iwe na linki ya kurudi pale. Kwa wengi wetu Google Docs inatosha kabisa. Inaweka historia ya matoleo yenyewe, unaweza kuliandikia kila toleo jina lake, na unaweza kurudi nyuma kuona nani aliandika nini. Fungua kwa watu kusoma na kutoa mapendekezo, siyo kuediti, ukiwaachia wote kuediti utaamka asubuhi umekuta mtu kafuta hatua ya kutoa betri kwa sababu yeye huwa haitoi.

Wale mnaojua kompyuta tumieni Git, ile programu ya kutunza historia ya mafaili aliyoitengeneza Linus Torvalds 2005 kwa ajili ya Linux. Yakiwa maandishi tu bila mapambo unaona kila mstari nani kaubadilisha, lini, na kwa sababu gani kama alijisumbua kuandika sababu. Ni silaha nzuri, lakini ukiijaza picha kubwa inakuwa nzito, na fundi hataigusa. Mimi ningeitumia kwa vitabu vikubwa vya watu wengi, siyo kwa maelekezo ya kurasa tano.

WhatsApp siyo nyumba, ni matatu tu. Ukituma picha kwa njia ya kawaida inabanwa, na zile taarifa za ndani ya picha kama tarehe zinatolewa, ukituma kama dokumenti inafika kama ilivyotoka. Basi mpiga picha mwambie akutumie kama dokumenti, utaona hata maandishi kwenye sensa. Ila kabla ya kuichapisha itoe ile taarifa ya mahali, la sivyo umewaambia watu gari linalala wapi.

Ukiprinti kwa ajili ya ukuta wa gereji, weka kodi ya QR inayokwenda nyumbani, siyo kwenye PDF ya toleo hilo. Na ilaminishe. Karatasi tupu kwenye gereji ya Pwani, jasho na oili na unyevu, haimalizi mwezi.

Ukibadilisha kazi ya mwenzako

Hii ndiyo ngumu na hii ndiyo yenye maana. Tuseme umepata maelekezo mazuri ya breki kutoka kwa jamaa wa Nairobi, au wa Uingereza, na hapa kwetu upepo wa chumvi unakula kila bolti, hasa magari yanayolala karibu na bahari huko Nyali au Likoni. Unaongeza hatua: "paka grisi kwenye nyuzi za studi kabla ya kurudisha nati." Kidogo tu, sivyo? Lakini namba za kukaza kwa kawaida ni za nyuzi kavu na safi. Ukizipaka grisi, kwa torki ile ile bolti inavutika zaidi kuliko ilivyokusudiwa, kwa sababu ule msuguano uliokuwa unakula nguvu umepungua. Sasa namba ya yule bwana siyo sahihi tena, na jina lake bado liko juu. Studi ikikatika atalaumiwa yeye.

Kwa hivyo: chukua, badilisha, lakini usitumie jina la faili lake wala namba yake ya toleo. Lako lipe jina jipya na lianze 1.0, na juu andika wazi "Imetokana na toleo 3.2 la Fulani, linki hii. Nilichoongeza mimi: hatua ya 6 na ya 9, kwa ajili ya kutu ya Pwani. Yeye hahusiki na mabadiliko haya." Hatua zenyewe zitie alama, hata nyota inatosha, msomaji aone ipi ya nani. Mpelekee na mwenyewe nakala, huenda akaipenda akaiingiza kwake, au akakwambia ya 9 ni ya hatari. Na mwenyewe akiomba jina lake litolewe kwenye toleo lako, litoe, leseni za Creative Commons 4.0 zinampa haki hiyo.

Kwa upande mwingine, wewe ukiletewa masahihisho usikimbilie kubadilisha. Muulize gari lake modeli gani, injini gani, akutumie picha ya kibati, alifanya nini, ikatokea nini, na namba yake kaitoa wapi. Nusu ya "makosa" utakuta ni magari tofauti, ana NZE161 anasoma ya NZE141. Akiwa kweli kakushika, badilisha siku hiyo hiyo na jina lake litie kwenye rekodi. Mkibishana njia mbili zote zinafanya kazi, ziache zote mbili na kila moja na mwenyewe.

Faili lisilo na mwenyewe

Yale ya zamani je, uliyonayo kwenye simu? Tazama sifa za PDF, mara nyingi jina la aliyeitengeneza na tarehe vimo humo. Chukua sentensi moja isiyo ya kawaida itafute kwa alama za kunukuu. Picha ipeleke kwenye utafutaji wa picha, tazama nakala kubwa zaidi, huenda ile ya asili ina jina kwenye kona ambalo kwako limekatwa. Ukikosa kabisa usilipake jina lako kwa sababu tu wewe ndiye uliyelitafuta. Andika "mwandishi hajulikani, nimeipokea mwezi fulani, namba sijazihakikisha", na usilisambaze, ni afadhali ufanye kazi ile kwenye gari lako, uangalie kitabu, na uandike yako toka mwanzo.

Na toleo bovu usilifute tu likapotea. Liache pale nyumbani na maandishi makubwa juu, LIMEONDOLEWA, na sababu, na linki ya jipya. Halafu rudi kwenye kila grupu ulikolituma, uwaambie. Ndiyo inachosha. Ukifuta kimya nakala zilizo kwenye simu za watu haziondoki, na mtu akija kutafuta kwenye ile linki ya nyumbani anakuta hakuna kitu, anadhani nakala yake ndiyo iliyosalia.

Mwisho kuna siku utauza hilo gari. Wengi hapo maelekezo yanakufa, linki inavunjika, na miaka miwili baadaye mtu anaanza upya na makosa yale yale ya ATF. Kabla hujakabidhi logibuku tafuta mwenzako mwenye modeli hiyo hiyo, mpe faili la kuediti na siyo PDF tu, picha za asili zote, na rekodi ya mabadiliko. Aongeze mstari mmoja, "Mtunzaji tangu toleo 4.0: Fulani", majina ya waliotangulia yabaki palepale. Linki usibadilishe. Kama huna wa kumpa, andika juu kwamba hakuna anayeitunza tangu tarehe fulani, ili anayesoma ajue anasoma kitu kilichosimama wapi.